Munacheka mbwa. Na ile kamba?

Wandugu, wiki iliyopita mtu alitupa habari moja ndani ya magrupu yetu ya WhatsApp, na kwa siku mbili simu hazikulala. Familia moja ya Marekani, yenye mtoto wa otisme, imesaidiwa na shirika la hisani kulipa mbwa. Mbwa aliyesomeshwa, wa kusindikiza mtoto. Bei: kupita dola 20,000. Majirani walichanga, watu wa kanisa wakachanga, shirika likamalizia. Kwenye picha mtoto amelala chini karibu na mbwa, mkono umeingia ndani ya manyoya.

Mulicheka. Nimesoma yote. "Hiyo mbwa inasema Kifaransa?" "Mimi niko tayari kubweka kwa nusu ya hiyo feza." "Wazungu bamemaliza matatizo, sasa banatafuta ya kununua." Ile ya kubweka ilinichekesha hata mimi, sitadanganya. Kisha kamarade mmoja akaandika bila kucheka: watu walilala chini ya mahema Bulengo na Lushagala, mabomu ya Sake tuliyasikia mpaka kitandani, na ninyi muko na wakati wa kuongelea mbwa. Ile neno ikapata mioyo mingi kuliko zote. Ni yeye ninayemujibu leo, na kwa kumujibu yeye nitatujibu sisi wote, sababu hii harakati yetu nayo iko na deni ndani ya hii mambo.

Tuanze na mbwa mwenyewe, maana wengi walicheka bila kujua anafanya kazi gani.

Otisme, ile wandugu wa Tanzania wanaita usonji, si ugonjwa wa kuambukiza na haitoki kwa mashetani. Mtoto anazaliwa na akili inayopokea dunia kwa njia nyingine. Wengine wanasema vizuri na wanasoma sana; wengine hawasemi kabisa. Kelele ya kawaida, moto inayopita, jenereta ya jirani, inaweza kuwachoma kama sindano. Na wengi kati yao wanakimbia. Hawakimbii mtu. Wanaona maji, wanaona taa, wanasikia kitu, wanakwenda moja kwa moja, na hatari hawaioni. Mama anageuka kupunguza moto chini ya sufuria, akirudisha macho mtoto hayuko.

Hapo ndipo yule mbwa anaanza kazi. Anavaa koti. Mtoto anavaa mkanda kiunoni, na mkanda umeungwa kwenye lile koti. Mzazi anashika kamba ya mbwa upande wa pili. Mtoto akitaka kuruka barabarani, mbwa anasimama na kujikaza, au analala chini, na uzito wake wote unamuzuia. Mtoto akishikwa na woga mpaka anajipiga kichwa, mbwa anamulalia kwenye mapaja, na ule uzito unamutuliza. Mwaka 2010 watafiti wa Montréal walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na watoto 42 wa otisme: walipima ndani ya mate yao ile homoni ambayo mwili unatoa mtu akiwa na wasiwasi. Mbwa alipofika nyumbani, homoni ya asubuhi ikashuka sana. Mbwa alipoondolewa, ikapanda tena. Kumusomesha mbwa wa namna ile kunachukua karibu miaka miwili, na bei inatoka hapo. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 juu ya watu wenye ulemavu inamuruhusu aingie na bwana wake dukani, restora, hospitali, bila mtu kumufukuza.

Sasa tukuje Goma.

Kuna mama mmoja, sitataja kartie yake, anauza sambaza sokoni. Mtoto wake wa pili ana miaka tisa. Hasemi. Anajua njia zote za mji kuliko sisi, anapenda vitu vinavyozunguka, kofia ya sufuria, gurudumu la chukudu. Mara mbili alipotea: siku moja walimupata pembeni ya ziwa, maji yamefika kifuani, anafurahi; siku nyingine katikati ya barabara ya Sake, malori yanapiga honi mbele na nyuma, yeye amefunika masikio na hasogei. Baba alikwenda kutafuta kazi Walikale, na mpaka leo anaendelea kutafuta. Mama akikaa nyumbani, hawali. Akienda sokoni na mtoto, mtoto anakimbia. Njo akanunua kamba.

Ni kamba ya mbuzi, ya bluu. Imefungwa kwa nguzo ya jikoni na kwa mguu wa mtoto, na pale mguuni mama ameweka kitambaa ili isimuchune. Niliiangalia vile inafika. Inafika choo. Inafika kivuli cha ukuta. Haifiki mlango wa kiwanja.

"Usiniangalie hivyo," akaniambia. "Mutoto yangu haiko mbuzi. Nabijua. Lakini kama namufungua, nitamupata wapi magaribi?"

Rudi sasa uangalie ile picha ya Marekani. Mtoto wa kule naye amefungwa! Kiunoni, kwa mkanda, na mkanda kwa mbwa. Ile hatari ni moja, ule woga wa mama ni mmoja. Kule kamba inatembea pamoja na mtoto mpaka shuleni. Hapa inaishia kwenye ukuta. Hiyo njo dola 20,000 mulizokuwa munachekea.

Kuna mambo mengine kamarade wetu wa mahema hakuhesabu. Usiku wa 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotoboka na mji mzima ukakimbia, nusu kwenda Sake, nusu kwenda Gisenyi, UNICEF ilisema watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na familia zao, na zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Wengi walirudishwa, kwa sababu mtoto aliyepotea anaulizwa: jina lako nani? Mama yako anauza wapi? Munaishi pembeni ya kanisa gani? Sasa weka pale mtoto asiyesema, anayepiga kelele ukimushika mkono. Yule mama alimubeba mgongoni kwa kitenge, mtoto wa miaka sita, mpaka mpakani, na vitu vyote vya nyumba akaviacha. Ndani ya yale mahema ya Bulengo unafikiri hakukuwa na watoto kama yule? Walikuwako. Na pale, kamarade, kamba ilifungwa kwa nini? Hema halina nguzo ya kuzuia mtu.

Kwa hiyo usituambie kwamba ulemavu ni mambo ya watu walioshiba. Vita vinamuumiza mtoto wa otisme kwanza, sababu bomu moja la mbali linalokufanya wewe ugeuke kitandani, yeye linamuharibia wiki nzima.

Turudi kwa yule mama, maana kabla ya kamba alipita milango yote. Alikwenda kanisani. Mchungaji akasema ni pepo wa ukoo wa baba, akaomba siku tatu za kufunga bila maji. Kwa mtoto! Mama alikubali siku moja, ya pili akamupa uji kwa siri, na mpaka leo kuna mtu pale anamuambia kwamba ule uji njo uliharibu maombi. Majirani wakaanza kusema mulozi. Hapa nasimama kidogo, juu ya wale wanaofikiri mdomo hauna sheria: sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inaadhibu kumusingizia mtoto uchawi. Ni kifungo cha mwaka 1 mpaka 3, na amende juu yake. Tangu 2009! Ni wachungaji wangapi munaowajua walioogopa hicho kifungu?

Akakwenda shule. Direkta hakuwa mtu mbaya. Alimuonyesha darasa: tangu masomo ya primeri kuwa ya bure mwaka 2019, watoto wanakaa wane kwenye benchi ya wawili, na mwalimu ni mmoja. "Mama, huyu anahitaji mtu wake peke yake. Mimi nitamutoa wapi?" Alisema ukweli. Akakwenda hospitali, wakamupa dawa ya usingizi. Mtoto akalala siku mbili, akaamka, akakimbia.

Mwishoni akafika kwetu, na hapa sitafurahisha mtu. Tulifanya nini? Tulifanya kile tunachojua: kotizasio. Tuliweka namba ya Airtel Money ndani ya grupu, tukaandika maneno ya kugusa moyo, wandugu wa Bukavu na Lubumbashi wakatuma, hata wa Bruxelles. Feza ikatosha kulipa kijana mmoja wa kartie, mvumilivu sana, akawa anatembea na yule mtoto kutwa nzima. Bila mbwa, bila koti. Alifanya ileile kazi ya mbwa wa Marekani na zaidi, maana alimufundisha kuosha mikono, kusubiri, kuonyesha kwa kidole kitu anachotaka. Mwezi wa pili mtoto akaanza kukaa kwenye benchi nje ya darasa, mpaka saa nne ya asubuhi. Mama akaongeza beseni la pili la sambaza. Kamba ikaning'inia ukutani, wakaanikia nguo.

Hiyo ilidumu miezi mitatu. Mwezi wa ine kulikuwa na kilio cha kamarade aliyeuawa, kisha faini za wale waliokamatwa, kisha kila mtu na shida yake. Feza ikakauka. Hakuna aliyekataa. Hakuna aliyeamua. Kijana akaomba ruhusa, akaenda kuendesha moto. Nguo zikatolewa kwenye kamba.

Na juu ya hayo tulipiga picha. Mama, mtoto, sisi tumevaa tisheti zetu, ngumi juu. Ilipendwa sana ile picha. Mama alituomba tuiondoe, sababu mteja mmoja wa sambaza alimutambua mtoto, akasema hanunui tena kwa nyumba ya ndoki. Tuliiondoa baada ya siku kumi na moja, kwa sababu yule aliyekuwa na neno la siri la ukurasa alikuwa safarini. Siku kumi na moja. Munajua vile tunavyowapigia kelele wakubwa wakikawia kujibu barua.

Kwa hiyo ninaposema hisani haitoshi, sisemi dhidi ya wale watoa-hisani wa Ohio au wa wapi. Wamefanya vizuri. Nasema kwa sababu nimeiona ikifanya kazi na nimeiona ikikatika, mikononi mwetu wenyewe. Aliyetoa kwa huruma anaweza kuchoka, na haki yake ni kuchoka, hukumusainisha. Yule mtoto hana likizo ya otisme.

Na kule Marekani mambo yalikwenda namna gani? Maana habari iliyotupwa kwenye grupu ilianza kwenye mbwa na kuishia kwenye mbwa. Zamani, shule za kule nazo ziliwafukuza watoto wa namna hii, na sheria za majimbo ziliruhusu. Wazazi wa Pennsylvania hawakupanga foleni kwa mtu wa moyo mwema: mwaka 1971 walipeleka jimbo lao mahakamani, na mwaka 1972 jimbo likakubali kwamba kila mtoto mwenye ulemavu wa akili ana haki ya kusoma bure. Mwaka 1975 ikawa sheria ya inchi nzima. Shule haiwezi kusema "nitamutoa wapi mtu wa kumusindikiza". Ni kazi yake kumutafuta. Mbwa anakuja juu ya hayo yote. Na angalieni, hata kule, pale ambapo sheria haifiki ndipo familia inarudi kuuza keki na kuomba majirani. Inchi tajiri kuliko zote, na mama bado anaeleza maisha ya mtoto wake mbele ya watu asiowajua ili wamuhurumie. Siwaonei wivu katika hiyo. Katika ile ya 1972, ndiyo, nawaonea.

Sisi hatukosi sheria, wandugu. Tunazo nyingi kuliko madaftari. Katiba, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya ulinzi wa pekee kufuatana na mahitaji ya mwili wake, akili yake na roho yake. Mwaka 2015 Kongo iliingia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Tarehe 3 Mei 2022 rais alitia sahihi sheria nambari 22/003, ya kuwalinda na kuwaendeleza watu hao. Wizara iko. Waziri yuko. Kila tarehe 3 Desemba kuna hotuba, kuna viti vya magurudumu vimepangwa mbele ya kamera, kuna mfuko wa unga. Tarehe 2 Aprili, siku ya otisme duniani, wengine wanawasha taa za bluu. Sheria iko tangu 2022, na jikoni kwa yule mama kitu cha bluu kilichofika ni kamba.

Makuta haiko? Tafazali. Mwaka uleule wa 2022 wadepite wa taifa walipewa jeep za Palisade. Mwaka uleule Martin Fayulu alisema waziwazi kwamba mdepite mmoja anapata dola 21,000 kwa mwezi. Katarini nusu kama munataka, hesabu inabaki chafu. Viti pale ni 500. Kwa bei ya Fayulu, kila kiti kinakula mbwa mmoja kila mwezi, na hakuna mtoto hata mmoja anayezuiliwa kuingia barabarani. Na hiyo ilikuwa vita haviko? Bunagana ilianguka Juni 2022. Jimbo letu lilikuwa chini ya état de siège tangu Mei 2021. Vita havikuzuia jeep hata moja. Vinazuia tu benchi, mwalimu, mtu wa kusindikiza. Kamarade wangu wa mahema, hii ndiyo sababu neno lako liliniuma: wao njo wanasema hivyo. "Subirini vita viishe." Tunasubiri tangu 1996.

Na wakati tunasubiri, nani anafanya? Goma kuna Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, vituo vya kanisa, na wazazi wanajua njia ya kufika pale kuliko wanavyojua ofisi ya mambo ya jamii. Wanaofanya kazi pale wanastahili heshima yetu. Lakini navyo vinasimama kwa zawadi, na zawadi tumeona vile inavyokwenda.

Hatutaomba mbwa. Mbwa wa Goma wanajua mawe tu, tungeanza kusomesha watu kabla ya kusomesha mbwa. Tunaomba kile ambacho kijana mmoja wa kartie alitufanyia kwa miezi mitatu, kilipwe na serikali, kwa mshahara, kwa kontra. Shule moja ya serikali katika kila komini ya mji, kwa kuanza, iwe na wasindikizaji wawili waliofundishwa. Hospitali ya jimbo iwe na siku moja kwa wiki mzazi aweze kuja kuonwa na mtu anayejua otisme, bila kupewa dawa ya usingizi na kwaheri. Ndani ya kambi za wahami, wanaoandikisha familia waandike pia mtoto asiyesema, wampe bangili yenye jina na namba ya simu. Hiyo bangili haihitaji hata bajeti ya Kinshasa. Na mwendesha-mashtaka atuonyeshe faili moja, moja tu, ya kifungu cha 160 aliyoifungua katika mji huu.

Barua inakwenda kwa wanaoongoza jimbo, na nakala kwa wadepite wa taifa waliochaguliwa Desemba 2023, wale waliopita kwenye kartie zetu wakibeba watoto wa watu mbele ya simu. Imeandikwa tayari. Tutaipeleka kwa miguu tarehe 2 Aprili, saa tatu ya asubuhi, kutoka Signers. Wazazi watakaopenda kutembea mbele watatembea mbele. Hakuna ngoma, hakuna vuvuzela, hakuna firimbi siku hiyo: baadhi ya wale tunaowatembelea hawawezi kuvumilia kelele. Najua itakuwa vigumu kwenu.

Tunahitaji hesabu yetu wenyewe, maana hakuna ofisi iliyotupa moja. Kama katika njia yenu kuna mtoto ambaye hatoki nje, uliza mzazi wake kwanza kama anakubali, kisha uandikie seli yenu: umri, kartie, kama alishawahi kukaa darasani, na nini kinamuzuia. Jina hapana. Picha hapana.

Na yule kamarade wa kubweka kwa nusu ya bei: kijana wetu wa moto anasema yuko tayari kurudi siku tatu kwa wiki, akipata mtu wa kushika zile siku nyingine mbili mpaka barua ijibiwe. Siku ya Jumanne na Alhamisi bado hazina mtu. Niandikie.